Baada ya Mbio Zijazo

Asubuhi ile Bingwa alijikuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu vya kukimbilia amekwisha kuvifunga kamba, akingoja miguu imwambie waende upande gani. Miguu haikusema kitu. Ndipo akakumbuka kwamba jana, mbele ya uwanja uliojaa watu, alipewa shada la maua na kipaza sauti, akatangaza kwa kinywa chake mwenyewe kwamba amestaafu. Kocha alilia. Wasichana wa timu walilia mpaka mmoja akashikwa na kwikwi. Yeye alisimama akilitazama lile shada, akiwaza kwamba waya uliofungia maua umekaa vibaya na utamchoma mtu.

Hakulia jana, na leo hakuona dalili. Wala haikuwa huzuni aliyoibana kifuani. Alijipekua ndani kwa ndani kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, akakuta mifuko mitupu. Mama yake alipoingia na kumkuta na viatu miguuni hakuuliza kitu. Aliinama, akamvua kimoja, akamwambia chai iko mezani.

Wageni walianza kuingia mapema. Majirani walikuja wakiwa hawajui wamekuja kufanya nini. Mmoja alisema hongera, mwingine akasema pole, na mama mwenye duka la vitambaa akayasema yote mawili kwa pumzi moja, kisha akaketi kwenye kochi na uso wa msibani. Walimwita Bingwa, kama walivyomwita siku zote, na kila alipoitika alijiona anaitika kwa niaba ya mtu aliyetoka kidogo.

Sebuleni kaka yake alikuwa na fundi seremala, wanapima ukuta. Kaka ndiye aliyekuwa meneja wake tangu mwanzo. Aliacha kazi ya udereva ili abebe mabegi yake, apokee simu zake, na agombane na waandaaji wa mbio kwa niaba yake. Sasa alitaka kabati la vioo la ukuta mzima, lenye taa ndani, la kuwekea vikombe na medali. Alimuuliza kikombe kipi kikae rafu ya juu. Bingwa akasema chochote. Kaka akamwambia chochote si jibu, mdogo wangu, haya ni maisha yako. Basi akasema kile kikubwa. Kaka akaanza kukunja futi yake ya kupimia, maana kile kikubwa kilikuwa cha nafasi ya tatu, na siku kilipopatikana ni siku ambayo haikutajwa katika nyumba ile.

Aliona heri atoke. Alichukua beseni na fulana zake za mashindano, akaenda uani kuzifua, kwa kuwa Kaka alitaka nazo ziingie kabatini. Alikuwa kwenye kigoda, mguu wenye kisigino kibovu ameunyoosha mbele, aliposikia lango likifunguliwa na sauti ya mtu anayesalimia wageni mmoja mmoja bila haraka. Sungura alikuwa amekuja.

Asiyewajua angedhani ni hadithi ya watoto, Bingwa na Sungura. Lakini katika mbio ndefu usungura ni kazi. Ni mtu anayelipwa kukimbia mbele ya bingwa, ashike mwendo waliokubaliana, amkinge na upepo, halafu, zikibaki kilomita chache, atoke pembeni amwachie mwenzake barabara na utepe. Yeye hamalizi. Wala hageuki nyuma, maana akigeuka mwendo unavunjika. Kwa miaka mingi huyu ndiye aliyekuwa sungura wake. Bingwa aliujua mgongo wake kuliko alivyoujua uso wake: bega la kushoto lililokaa chini kidogo kuliko la kulia, alama nyeusi chini ya shingo, jasho linavyoanzia katikati na kushuka. Kwa nyuma angemtambua katika umati wowote. Kwa mbele, mara nyingine ilimbidi atazame mara mbili.

Na mgongo huo ndio uliomponza. Siku ya mbio kubwa kuliko zote, akiwa anaongoza, amechoka kiasi cha kuona kitu kimoja tu duniani, Sungura alitoka barabarani mahali pale pale walipokubaliana, akaingia kwenye nyasi. Bingwa akamfuata. Hakuwaza. Mgongo ulikwenda kushoto, naye akaenda kushoto, akainama chini ya kamba, akasimama nyasini nyuma yake kama kondoo. Sungura aliposikia kelele za watu zimebadilika aligeuka, wakatazamana uso kwa uso. Alimwambia neno moja tu: rudi. Bingwa alirudi, lakini wanawake wawili walikuwa wamekwisha kupita. Watu waliiona picha ile kwenye televisheni, na wengi walicheka. Kaka hakucheka. Tangu siku hiyo, kwa Kaka, Sungura ni mtu aliyempoteza dada yake njia, na hakuna maelezo yaliyowahi kumtoa hapo.

Kila msimu ukiisha, Sungura alimwomba Bingwa wafunge ndoa. Kila msimu alijibiwa vilevile: baada ya mbio zijazo.

Leo hapakuwa na mbio zijazo.

Alimsikia Kaka akimpokea huko ndani. Kaka hakupiga kelele. Alikuwa na upole mbaya kuliko kelele. Alimuuliza kama amesafiri salama, akampa pole, akasema kutoka kwake mpaka hapa ni mbali kwa mtu ambaye hajazoea kufika. Seremala akacheka, akagundua anacheka peke yake, akarudi kwenye ukuta wake. Sungura alijibu kwamba amefika, anashukuru, na ana neno na Bingwa. Kaka akasema neno lolote linaweza kusemwa hapa hapa, mbele ya watu. Mama ndiye aliyekata shauri. Alimwambia mwanawe amshikie fundi futi upande wa pili, na mgeni apite uani, maana mtu aliyekimbia na binti yake miaka yote hiyo hawezi kuwa hatari kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Sungura alipita, akafudikiza ndoo tupu, akaketi juu yake. Alikuwa amenyoa ndevu kwa uangalifu mkubwa na bado akajikata kidevuni.

"Maua yako yako wapi?" aliuliza.

"Bafuni, kwenye ndoo. Mama anasema yatakaa."

Alichukua fulana iliyokwisha suuzwa, akaikamua, akaianika. Akachukua nyingine. Huku akianika, akizungumza zaidi na vibanio kuliko na mtu, alieleza kwamba amepata kazi. Ni shule ya wasichana ya bweni, mbali, na wanataka mtu wa kuwafundisha mbio. Wamempa na nyumba, vyumba viwili, kimoja kinavuja. Anaondoka Jumamosi. Aliongeza kwamba kile kisichovuja kina dirisha zuri, kisha akaona aibu kwa kusifu dirisha.

"Nimekuja kuuliza," akasema hatimaye, na safari hii alimtazama. "Ni mara ya mwisho. Sikutishi. Ni kwamba mimi mwenyewe nimechoka kuisikia sauti yangu ikiuliza."

Bingwa alijipekua tena. Alijua kwamba anampenda mtu huyu, kama mtu anavyojua jina la mtaa aliowahi kuishi. Mapenzi yenyewe yalikuwa wapi leo, hakuona.

"Sihisi kitu," alisema. "Sisemi hapana. Nasema sihisi kitu. Jana watu wamelia, mimi nawatazama kama nipo dirishani. Ukiniambia sasa hivi nyumba inaungua, nitakuuliza chumba gani. Nikikukubali leo, nitakuwa nimekubali kwa nini? Kwa sababu sina pa kwenda?"

"Inawezekana."

"Na wewe utaridhika na hilo?"

"Sijui," alisema Sungura. "Sitaki kukudanganya."

Hakuwa hodari wa kubembeleza. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia ana macho mazuri. Alichowahi kumsifia ni pumzi. Wasichana wa timu walimcheka kwa hilo, na Bingwa alikuwa akiwajibu kwamba macho hayakufikishi popote.

Kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kulinda tena, alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Alisema kwamba kila alipoombwa ndoa, sauti aliyoisikia haikuwa ya mwombaji, ilikuwa ya kocha. Kocha ndiye aliyempa habari, zamani, kwamba Sungura ameitwa akimbie mbio zake mwenyewe, za wanaume, amalize, aonekane, na kwamba amekataa akisema Bingwa ananihitaji. Timu nzima iliijua sentensi ile. Wasichana waliirudia wakiguna kwa wivu. Hata Mama aliipata, akasema mwanamume kama huyo haokotwi.

"Mimi nilikuwa naibeba," alisema Bingwa. "Nilijua siku nikikukubali nitakuwa nakulipa. Nikasema ngoja nishinde kwanza, nishinde sana, ili ulichokiacha kiwe na maana. Halafu nikaenda kusimama kwenye nyasi."

Sungura alibaki ameshika kibanio mkononi. Ndani, seremala aligonga ukuta mara kadhaa, kisha akaacha.

"Sikukataa kwa ajili yako," alisema.

"Uliwaambia watu wote."

"Niliwaambia." Alikaa tena kwenye ndoo, taratibu, kama mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake. "Sungura anatoka barabarani akiwa bado na nguvu. Watu wanamwona anapumua vizuri, wanasema, huyu angemaliza, huyu labda angeshinda. Nililipenda hilo. Wewe ukimaliza unapewa namba, na hiyo namba ndiyo wewe, huna pa kukatia rufaa. Mimi sikuwa na namba. Kila walipokuja kuniambia nijaribu zangu, nilitaja jina lako, nao wakaondoka wakiniheshimu. Niliogopa. Hakuna kingine."

"Unajuta?"

"Kila siku. Jana ulipotangaza, nilisimama pale kwenye lango la wachezaji, nikagundua mimi sina hata cha kustaafu. Sijui nilikuwa wa ngapi."

Bingwa alimtazama. Kitu kilianza tumboni, na mwanzoni alidhani ni kile kisigino kimepata njia mpya ya kuuma. Kikapanda kifuani, kikafika masikioni, cha moto. Ilimchukua muda kukitambua, kwa jinsi alivyokuwa hajakiona siku nyingi. Ilikuwa hasira.

"Jina langu," alisema.

"Jina lako."

"Ulijificha nyuma ya jina langu. Wewe, uliyekuwa mbele."

"Ndiyo."

Alimtupia kibanio, kikampiga begani. Akatupa kingine, kikapita. Kisha mkono wake ukakutana na fulana iliyolowa, nayo ikamfika Sungura usoni na kubaki pale, maji yakimtiririka shingoni. Hakuiondoa. Kutoka chini ya fulana alisema kwamba anastahili. Bingwa akamwambia asithubutu kumwambia habari za kustahili, amechoka na watu wanaostahili.

Akasema, na maneno yalitoka kwa wingi uliomshangaza mwenyewe. Alimweleza usiku aliolala na barafu kisiginoni akihesabu fadhila ambayo hakuiomba. Akamweleza msimu wa mwisho, ule ambao daktari alimkataza kabisa, akamwonyesha kwenye picha mahali mshipa ulipoanza kuchanika, akamwambia akipumzika sasa atakimbia tena, akikimbia sasa basi tena.

"Nikakimbia," alisema. "Unajua kwa nini? Nilisema sisi ni wawili. Nilisema siwezi kupumzika kwa miguu ya watu wawili. Ndicho kitu ninachokijutia katika maisha yangu ya mbio, hicho kimoja. Si nyasi. Nyasi nilikuwa nimechoka. Nimeharibu mguu wangu kwa ajili ya mbio zako, na wewe hukuziacha. Uliziogopa."

Sungura aliiondoa fulana. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Hilo sikulijua," alisema.

"Sasa unalijua."

"Pole."

Hakuomba msamaha zaidi ya hapo, na hakujitetea. Aliitazama fulana kama mtu ambaye hajui iwekwe wapi, akainuka, akaianika pamoja na zile nyingine, akaibana kwa vibanio viwili kwa uangalifu. Akajipangusa shingo kwa kiganja. Alisema anadhani amekwisha jibiwa, na kwamba jibu ni la haki.

"Nani amekwambia uende?" alisema Bingwa. "Kaa. Sijamaliza."

Sungura akakaa.

Lakini kelele zilikuwa zimefika ndani. Kaka alitokea mlangoni, futi mkononi, akaona maji, vibanio vilivyotapakaa, na dada yake anayetetemeka mdomo. Alimuuliza Sungura amemfanya nini mtoto wa watu. Sungura akasema amemweleza ukweli. Kaka akasema ukweli ungeweza kuja zamani, wakati dada yake ana miguu miwili.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikuwa na upole ule wa sebuleni. "Sijawahi kukuchagulia mtu. Lakini huyu hajamaliza kitu chochote maishani mwake. Atakuanza wewe, halafu siku moja atatoka pembeni akwambie rudi. Mwache aende zake Jumamosi. Kuna watu wanakupenda hapa. Kuna kazi. Wametuomba twende mashuleni tuzungumze na watoto, wametuomba kufungua duka la viatu, tutapanga ratiba."

Bingwa alimsikiliza. Alisikia tutapanga, na wametuomba. Aliona ile futi, iliyovutwa ndefu kuliko ukuta wowote wa nyumba ile, na vidole vya kaka yake vilivyoishika kama vile vingelitaka kubeba begi.

"Kaka," alisema. "Nawe umestaafu jana. Hakuna aliyekupa maua."

Kaka alitazama pembeni, kwenye ukuta wa jirani, akapepesa macho mara nyingi kuliko vumbi lilivyohitaji. Baada ya muda alisema kwamba fundi anamngoja, lakini hakwenda.

"Mwambie aje na watu wake," alisema Bingwa.

"Nani?"

"Huyu. Kabla ya Jumamosi. Aje na watu wake mkae, mzungumze."

Kaka alimtazama Sungura, ambaye alionekana kuelewa machache kuliko wote. "Umemtupia fulana sasa hivi. Shingo yake bado imelowa."

"Ndiyo. Nina hasira naye. Nina hasira nyingi, itanichukua miaka." Akatafuta maneno, kwa kuwa alitaka kusema kitu cha kweli na si kizuri. "Kaka, tangu daktari aliponiambia mbio basi, sijahisi kitu. Nakula, sijui nakula nini. Nimeagwa jana na uwanja mzima, nikawaza habari za waya. Hii hasira ndicho kitu cha kwanza. Ni yangu, na aliyeileta ni huyu. Akiondoka, ataondoka nayo, nami nitarudi kukaa kitandani."

"Hiyo si sababu ya mtu kuolewa."

"Najua. Sina nyingine leo. Labda mwezi ujao nitakuwa nayo."

"Na usipokuwa nayo?"

"Nitakwambia. Nitakwambia wewe kwanza."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe muda wote, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alisema kwa utulivu kwamba yeye aliolewa kwa sababu baba yao alikuwa na baiskeli yenye kengele, na hakuna aliyemuuliza sababu ya pili. Kisha akamuuliza Sungura kama ana watu wazima wa kuja nao. Sungura alijibu kwamba ana shangazi, ila shangazi mwenyewe ana mdomo.

"Mlete," alisema Mama. "Hapa mtu wa kujibizana naye yupo." Akamgusa Kaka bega, wakaingia ndani. Huko seremala akauliza kama rafu ziwe nne au tano, na Kaka akajibu, kwa sauti iliyochoka, kwamba achukue chai kwanza.

Sungura alibaki kwenye ndoo. Alimuuliza Bingwa kama ana hakika.

"Sina. Na usiniulize tena leo. Wala usiniambie utanisubiri."

"Niseme nini?"

"Usiseme kitu. Nenda kamwambie shangazi yako."

Alisimama, akaokota vibanio kimoja kimoja kutoka chini, akavirudisha kwenye mfuko wake uliotundikwa kambani. Akaaga kwa kichwa, akapita ndani ya nyumba, na Bingwa akamsikia akiwaaga wageni mmoja mmoja, bila haraka, kama alivyoingia. Mama mwenye duka la vitambaa alimuuliza vipi, hongera au pole. Jibu lake halikusikika.

Ilibaki fulana moja ya kusuuza. Bingwa aliingiza mikono kwenye beseni, akaitoa ghafla. Maji yalikuwa ya baridi sana. Alivitazama vidole vyake vilivyokunjamana na kuwa vyekundu kwenye ncha, akashangaa vimekuwa hivyo tangu saa ngapi. Kisha akairudisha mikono ndani, taratibu, akaiacha humo mpaka ikaanza kuuma.